Nani Anamlipa Mwimbaji?

Redio ikipiga zilipendwa Jumapili mchana, ubishi huanza sebuleni. Mwenye umri atasema muziki umekufa, na mwenye ujana atasema wazee wana wivu. Siku hizi ubishi huo umeota tawi la pili. Tunaambiwa wanamuziki wa zamani walikuwa sauti ya wananchi, na wa leo ni sauti ya yeyote anayewakodi kwenye jukwaa la kampeni. Nimesikiliza ubishi huu kwa miaka mingi, na naona pande zote mbili huukwepa upande mmoja wa habari, nao ni fedha. Hapa hoja nimezitia vinywani mwa watu watatu niliowaumba kutokana na wengi: mzee aliyepuliza saksafoni katika bendi ya shirika la umma, kijana anayeimba na kutengeneza biti studio hapa Dar es Salaam, na mtangazaji mwanamke aliyeanza kazi wakati redio binafsi zinafunguliwa. Nitawakatiza nitakapoona inafaa.

KIJANA: Shikamoo, mzee wangu.

MZEE: Marahaba, mwanangu. Mimi sizunguki: muziki umeshuka. Nasikia wimbo wa dakika mbili na nusu, nusu yake kiitikio, na ndani ya kiitikio hamna kisa. Sisi wimbo ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza taratibu, mwimbaji anakusimulia mpaka umjue mhusika, umhurumie au umchukie. Halafu chemko: magitaa yanafunguka, ala za kupuliza zinajibizana na waimbaji, na waliokuwa wamekaa wanasimama. Sikiliza "Neema" ya Mlimani Park. Kuna gitaa la solo, kuna rhythm, kuna besi, kuna tumba, kuna tarumbeta na saksafoni, na kila mmoja anajua anyamaze wapi. Kujua pa kunyamaza kulituchukua miaka. Leo mtu anabonyeza kitufe.

KIJANA: "Neema" ni wimbo wa mapenzi, mzee. "Zuwena" ya Marijani Rajabu nayo ni ya mapenzi. Sisi tukiimba mapenzi tunaambiwa hatuna ujumbe. Halafu angalia mnalinganisha nini na nini. Mnachukua nyimbo ishirini bora za miaka thelathini, mnaziweka mbele ya kila kilichotoka wiki hii. Nipeni na mimi miaka thelathini nichague ishirini zangu, ndipo tukae tupime.

Hapa kijana amesema jambo zito kuliko anavyodhani. Nyimbo tunazoziita zilipendwa zilipita kwenye chekecheo mara mbili. Chekecheo la kwanza lilikuwa Barabara ya Pugu, studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. Bendi iliyotaka sahani ilitegemea Nairobi, na mpaka na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, njia hiyo ikawa ngumu kabisa. Kilichobaki ni utepe wa RTD. Bendi nzima iliingia chumba kimoja na kupiga kwa pamoja, na kabla ya hapo maneno ya wimbo yalikuwa yamepitiwa na kamati. Kisichoipendeza kamati hakikurekodiwa. Chekecheo la pili ni kumbukumbu zetu wenyewe, ambazo zimehifadhi nyimbo tulizochumbiana nazo na kuzisahau nyimbo mia zilizokuwa hovyo. Muziki wa leo haujapita popote kati ya hapo. Unatufikia mbichi, mzuri na mbaya kwa pamoja, siku ileile uliporekodiwa.

MTANGAZAJI: Mimi nitaje kimoja tu kilichobaki juu ya chekecheo. Remmy Ongala, mtoto wa Kongo aliyefanya maskani Sinza, na Super Matimila yake, waliimba "Mambo kwa Soksi" kuhimiza kondomu wakati ukimwi unamaliza watu. Redio ya taifa haikuupiga. Wimbo ambao ungeweza kuokoa maisha ukaachiwa kumbi na kaseti. Kwa hiyo, mzee wangu, kamati haikuchuja upuuzi peke yake.

MZEE: Binti yangu, hilo silikatai, na Remmy alikuwa na haki. Lakini na wewe usikatae la pili. Ukijua kuna mtu atasoma kila mstari wako kabla hujaingia studio, unajifunza kuandika. Tulitumia mafumbo. Unamwimba mume asiyeleta posho nyumbani, na ukumbi mzima unajua huyo mume ni nani. Mbaraka Mwinshehe alipoimba "Shida" hakuhitaji kumtaja waziri.

KIJANA: Lakini mzee, na ninyi mlikuwa mkiimba chama. Haya majina ya bendi mbona yanasema yenyewe? NUTA Jazz, ya mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi kilichokuwa mikononi mwa serikali. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa TANU. Polisi walikuwa na bendi, JKT walikuwa na bendi, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi, UDA ya mabasi ilikuwa na bendi, shirika la bima lilikuwa na Bima Lee. Mlimani Park yenu ilichukuliwa na DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Azimio la Arusha likatangazwa mwaka 1967, bendi zikaliimba. Vita vya Kagera vikaja, mkaviimba. Nani kati yenu aliimba kwamba sukari haipo dukani na unga unapangiwa foleni? Sasa mimi nikiimba kwenye kampeni mara moja kwa miaka mitano naitwa kibaraka.

MZEE: Tuliimba chama, ndiyo. Na wengine tuliimba kwa kuamini, nataka ulijue hilo. Nilikuwa kijana mdogo, nchi ndiyo kwanza imetoka mikononi mwa Mwingereza, na mimi mtoto wa mkulima nina mshahara, nina sare, napuliza ala iliyonunuliwa na shirika. Huwezi kunisimanga kwa kuipenda nchi iliyonipa saksafoni. Lakini sikiliza tofauti. Nililipwa kila mwisho wa mwezi, niwe nimeimba TANU au niwe nimeimba mke aliyekimbia. Hapakuwa na mtu aliyenishika mkono akaniambia mstari huu una bei hii. Asubuhi tulikwenda mazoezini, jioni ukumbini, na katikati tulikuwa na muda wa kubishana juu ya neno moja la beti mpaka likae sawa. Mwimbaji Muhiddin Gurumo angeweza kusimamisha mazoezi kwa ajili ya neno.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa mzee ana haki na kijana hajui alichopoteza. Bendi ya shirika la umma ilikuwa kitu cha ajabu katika historia ya muziki duniani: watu kumi na kitu, kila mmoja na ajira, wakiishi kwa kupiga muziki pamoja miaka nenda miaka rudi. Michael Enoch alipita Dar Jazz, akafika Mlimani Park akiwa ameshika ala nyingi, akawafundisha wadogo zake papo hapo kazini. Muhiddin Gurumo na Hassan Bitchuka walihamahama baina ya Msondo, yaani bendi ya NUTA, na Sikinde, yaani Mlimani Park, na kila walipohama mashabiki waligawanyika upya mtaa kwa mtaa. Ushindani ule ulilipwa na mashirika. Mashirika yalipoanza kuuzwa na kufungwa katika miaka ya 1990, mshahara ukakatika, ala zikachakaa, na hapakuwa na wa kununua nyingine. Bendi ya chama cha wafanyakazi ilibadili jina kila chama kilipobadilishwa jina, NUTA, JUWATA, OTTU, mpaka siku mwajiri alipoondoka kabisa na wanamuziki wakabaki na Msondo yao wenyewe, wakiishi kwa viingilio vya mlangoni.

Kwa hiyo mzee akisema ala za kupuliza zimepotea, amesema kweli tupu. Kijana wa leo mwenye kipaji cha tarumbeta ataishika wapi? Shule nyingi hazina somo la muziki wala chombo. Vikundi vya brass bendi vya makanisa na bendi za majeshi ndivyo vilivyobaki. Huo ni upotevu, nami unaniuma, na sitaki yeyote anipoze kwa kusema kompyuta inaweza kutoa sauti ya tarumbeta. Lakini uhodari wa kupiga pamoja ni jambo moja, na ujasiri wa kusema ni jambo lingine. Wazee wetu huyafunga mafungu haya mawili kwa kamba moja, na ndipo hoja yao inapoharibika.

MTANGAZAJI: Ahsante kwa kuyatenganisha. Maana tukija kwenye ujasiri, mimi nina ushahidi wangu. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio binafsi, na 1994 Radio One ikaingia hewani. Wavulana wakaanza kutuletea kaseti walizorekodi kwa shida, wakirap kwa Kiswahili. Hawakuwa na bendi, hawakuwa na ukumbi, hawakuwa na mwajiri. Mr. II, huyu Sugu, alikuwa anasema mambo ambayo bendi ya shirika isingethubutu. Mwaka 2001 Professor Jay akatoa "Ndiyo Mzee", mgombea anayeahidi visivyowezekana na umati unaoitikia kila uongo. Nchi nzima ilicheka na kujitambua. Wagosi wa Kaya wakatoka Tanga na "Wauguzi", hospitali zikasemwa kwa lafudhi ya Kitanga, kila mtu akaelewa. Mzee, kama muziki ulikuwa unashuka, hao walipandaje?

MZEE: Hao nawakubali. Hawakuwa na magitaa, ila maneno walikuwa nayo.

KIJANA: Na baadaye wakaingia bungeni. Sugu alishinda Mbeya Mjini mwaka 2010, Professor Jay akachukua Mikumi mwaka 2015, wote CHADEMA. MwanaFA akapata Muheza kwa CCM mwaka 2020, na mwaka 2023 akateuliwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Hakuna kizazi cha wanamuziki kilichosikilizwa kisiasa kama hiki.

MTANGAZAJI: Kusikilizwa, ndiyo. Lakini taja na bei. Februari 2018 Sugu alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno dhidi ya Rais, akiwa mbunge. Na Aprili 2017, usiku, watu waliingia studio hapa Dar wakamchukua rapa Roma Mkatoliki na wenzake. Siku tatu hawajulikani walipo. Walipopatikana, Roma aliwaambia waandishi kwamba waliteswa. Mimi nilikuwa natangaza wakati ule. Nilijiuliza kama niupige wimbo wake au nisubiri, na kujiuliza huko peke yake kulikuwa ushindi wa waliomchukua.

MZEE: Siku chache kabla ya hapo si ndipo rapa Nay wa Mitego alikamatwa?

MTANGAZAJI: Ndiyo, mwishoni mwa Machi, kwa "Wapo". Kesho yake Rais Magufuli akaagiza aachiwe, wimbo upigwe, na akapendekeza aongeze na watu wengine wa kuwasema, wakiwemo wakwepa kodi. Watu wakashangilia.

KIJANA: Mimi nilishangilia.

MTANGAZAJI: Wengi walishangilia. Lakini fikiri, mdogo wangu. Wimbo uliokamatwa kwa amri ukaachiwa kwa amri. Katikati hapakuwa na sheria ya kumlinda mwimbaji. Alipona kwa sababu mkubwa aliupenda wimbo. Roma, siku chache baadaye, hakuwa na bahati hiyo.

Hapo sina la kuongeza isipokuwa hili: msanii anayehitaji kupendwa na mkubwa ili awe salama hawezi kuambiwa yuko huru, hata siku anapopendwa. Ndiyo maana nakataa hesabu rahisi inayowaita wa leo waoga. Mzee aliimba kwa mafumbo chini ya kamati iliyomkatalia utepe. Roma aliimba waziwazi, akalipia mwilini mwake. Tukipima ujasiri kwa hatari aliyoibeba mtu, kizazi cha sasa kina watu wa kusimama nao popote.

KIJANA: Basi tumalize na kampeni, maana najua ndiyo mnayoningojea. Ni kweli, napokea kazi za kampeni. Mwaka wa kawaida msanii wa kati anaishi kwa shoo, na shoo zenyewe hazina uhakika. Mtandaoni unasikilizwa mara laki kadhaa, fedha inayokufikia mkononi hailipi kodi ya nyumba. COSOTA ilianzishwa tangu 1999 kukusanya malipo ya hakimiliki zetu, lakini waulize wasanii wa mtaani kwangu wamegawiwa nini. Mwaka wa uchaguzi ukifika, chama kinakuja na jukwaa, usafiri, spika kubwa, na malipo ya mkupuo. Unataka nikatae, watoto wale maoni yangu?

MZEE: Chukua fedha, lakini usinidanganye kwamba huna siasa. Hilo ndilo linaloniudhi. Kapteni John Komba aliongoza kundi la TOT tangu 1992, mara tu vyama vingi viliporudi, akaiimbia CCM mpaka kufa kwake mwaka 2015 akiwa mbunge wake. Waliompinga walimpinga, lakini hakuna aliyejiuliza yuko wapi. Ninyi mnaimba jukwaani Jumamosi, Jumatatu mnahojiwa, mnasema sisi ni burudani tu.

MTANGAZAJI: Na mashabiki siku hizi hawalikubali jibu hilo. Mwaka 2021 Diamond alipoteuliwa kwenye tuzo za BET, Watanzania wenzake walianzisha ombi la kutaka aondolewe kwa sababu alimpigia kampeni Magufuli. Wengine wakasema ni wivu. Mimi niliona ni jambo jipya: msikilizaji anamdai mwanamuziki hesabu.

MZEE: Hilo la kudaiwa halikuanza jana. Mwulize Franco, mpiga gitaa wa Kongo. Wapiga gitaa wetu walijifunza kwa kuisikiliza Kinshasa. Mwaka 1966 Mobutu aliwanyonga hadharani wanasiasa wanne, Franco akaimba "Luvumbu Ndoki", ikapigwa marufuku. Mwaka 1984 Franco huyohuyo akatoa "Candidat na biso Mobutu" kumpigia debe. Gitaa lilikuwa zuri mara zote mbili. Mimi nazipenda zote mbili, na moja inaniumiza.

MTANGAZAJI: Na mimi nirudi nyuma zaidi yenu wote, maana mnaongea kama muziki ulizaliwa mwaka wa NUTA. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Katika "Kijiti" aliimba kisa cha mwuaji aliyetoroka Unguja huku mashahidi wakiishia kifungoni. Mwanamke wa Kiswahili, chini ya Waingereza na Sultani, anaisema mahakama kwenye sahani ya santuri. Baada ya hapo nani aniambie ujumbe uliletwa na dansi, au umekufa na Bongo Fleva?

Mzee alipenda wimbo wa Luvumbu na akaumizwa na ule wa Mobutu, gitaa likiwa lilelile, na hapo ndipo ninapotaka kusimama na kutoa hukumu yangu.

Muziki wetu umepoteza bendi. Hilo ni la kweli, lina tarehe na lina sababu, na halikutokana na uvivu wa vijana. Maneno hayakushuka kwa mstari mmoja kutoka juu kwenda chini. Yalipanda mwaka 1928, yakabanwa chini ya kamati, yakafunguka redio zilipofunguliwa, yakabanwa tena mwaka 2017 na 2018, mwaka ambao Baraza la Sanaa, BASATA, liliufungia hata "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond, wimbo wa starehe usio na chama ndani yake. Anayetaka kujua kwa nini nyimbo za mwaka fulani hazina la kusema, aangalie kwanza nani alikuwa na mamlaka ya kuzizuia na nani alikuwa na fedha za kuzinunua. Mkono wa kwanza hutisha, wa pili hubembeleza, na mara nyingi ni mkono wa mtu mmoja.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mwanamuziki anyamaze kuhusu siasa. Ni raia kama mwalimu na dereva wa bodaboda, na sauti yake inafika mbali kuliko yao. Aimbie chama akipenda. Aipinge serikali akipenda, na alale kwake usiku bila kugongewa mlango. Ninachokataa ni kuletewa maoni yaliyonunuliwa yakiwa yamevikwa vazi la mapenzi ya dhati. Mwanamuziki anayelipwa kumsifu mgombea amefanya biashara halali, na mimi ninayempigia kura mgombea huyo nina haki ya kujua kwamba ilikuwa biashara.

KIJANA: Ukiyataja malipo yangu hadharani, chama cha pili hakitaniita.

MZEE: Na ndipo utajua mwanangu kama ulikuwa unakipenda cha kwanza.

Njia ya kulitekeleza hili ipo. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inavitaka vyama kumpelekea Msajili wa Vyama vya Siasa hesabu za kilichotumika. Vyama viweke ndani ya hesabu hizo jina la kila msanii na kila kundi lililopanda jukwaani, na kiasi walicholipwa, kisha orodha itangazwe magazetini kabla ya siku ya kupiga kura. Aliyeimba bure aandikwe kwamba aliimba bure, na heshima yake aipate. Wewe msomaji unayelalamika kila Jumapili kwamba nyimbo hazina maneno, mdai mbunge wako jambo hili kabla ya uchaguzi ujao, na ukisikia bendi inapiga mubashara karibu na kwako, lipa kiingilio uingie.